Mwizi wa Dakika ya Saba

Jina lake la kwenye cheti hakuna anayelitumia tena. Mtaa mzima unamwita Bi Skrubu, kwa sababu kila akifungua kitu cha mtu na kukifunga, skrubu moja lazima ibaki mezani. Kitu chenyewe kinafanya kazi vizuri tu, pengine kuliko zamani, lakini skrubu imebaki. Mwenye kitu akiuliza, anajibiwa, "Hiyo kiwandani waliweka kwa woga tu," na skrubu inatupwa kwenye kopo la maziwa ya unga lililojaa skrubu wenzake.

Duka lake ni chumba kimoja cha chini, kati ya kinyozi na duka la dawa. Ukuta wa upande wa kinyozi ni mwembamba hivi kwamba mashine ya kunyolea ikiwashwa huko, bisibisi za huku zinatetemeka kwenye misumari. Kwa hiyo Kinyozi hana haja ya kuja kutafuta umbea. Anausikia ungali moto, halafu anakuja kuthibitisha.

Jumatano hiyo alikuja kuthibitisha akiwa na kitana mkononi, mteja kamwacha kwenye kiti na nusu kichwa.

"Nimesikia unatukana," alisema. "Nikasema leo kapatikana nani?"

"Simtukani mtu, namtukana huyu." Bi Skrubu alionyesha kompyuta ndogo ya kijivu iliyolala mezani, tumbo wazi. "Imezima tena. Dakika saba. Siyo sita, siyo nane. Saba, kama ina miadi na mtu."

"Si ya Mwalimu hiyo?"

"Ya Mwalimu."

Kinyozi akaacha kucheka, jambo ambalo kwake ni kama kuacha kupumua.

Mwalimu ni baba yake Bi Skrubu. Alifundisha fizikia miaka thelathini na minne kwa sauti nene iliyopita kuta, hata wanafunzi wa darasa la jirani walitoka shule wakiijua fizikia bila kuiomba. Halafu koo likaugua. Madaktari wakaingia, wakautoa ugonjwa, na sauti wakaondoka nayo. Lakini kabla ya upasuaji watu wa hospitali walikaa naye wiki tatu wakimrekodi akisoma maneno, maelfu kwa maelfu (matusi hawakumwomba, aliongeza mwenyewe), wakaiweka sauti hiyo kwenye kompyuta. Sasa Mwalimu anaandika kwa vidole viwili, anabonyeza kitufe, na mashine inasema kwa sauti yake ile ile, nene ile ile. Walijaribu kuihamishia kwenye simu, ikatoka sauti ya mtu aliyetumbukia kwenye pipa. Basi ni kompyuta ile, au hakuna.

Na kompyuta ile inazima dakika ya saba.

Kwa mambo ya kila siku haina neno. Nani anahitaji dakika saba kuomba chumvi? Taabu ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ambapo ukoo wote unakwenda kula kwa Baba Mkubwa, kaka yake Mwalimu. Na Baba Mkubwa hawezi kumaliza sahani bila kusimulia Kisa cha Mwizi.

Kisa chenyewe ni hiki. Baba Mkubwa alipokuwa kijana, jioni moja, alimkuta mwizi nyuma ya jengo la posta anachukua baiskeli. Jitu la futi saba, mikono kama nguzo za umeme. Wakapigana. Mwizi akachomoa kisu, akamkata kwenye paji la uso (hapa Baba Mkubwa anasogeza kofia watu waone kovu), lakini akashindwa, akatoka mbio, na haki ikasimama.

Miaka yote Mwalimu alikuwa akisikia hapo kwenye kisu anaruka: "Mwongo! Ngoja niwaambie ilivyokuwa!" Baba Mkubwa naye anaruka juu yake, wanapigiana kelele mpaka chakula kinapoa, na hakuna mtu chini ya miaka sitini aliyewahi kuusikia mwisho wa Mwalimu. Sauti ilipoondoka, Kisa cha Mwizi kikabaki uwanjani peke yake, kikanenepa. Mwizi mmoja akawa wawili. Mwezi juzi wakawa watatu, mmoja ana panga.

Ndipo ilipokuja kompyuta. Na ajabu ni kwamba kompyuta ikisema, watu wananyamaza. Hata Baba Mkubwa ananyamaza, maana ni aibu kubishana na mashine ya hospitali. Kwa mara ya kwanza maishani mwake Mwalimu alikuwa anasikilizwa bila kukatizwa. Akaandika kisa chake chote, dakika kumi na moja. Akakiweka mezani mwezi uliopita, akabonyeza. Kikaenda vizuri, watu wameacha kutafuna, kikafika mahali paliposema, "Nikamulika tochi, na kumbe yule mwizi alikuwa..."

Giza. Skrini nyeusi kama sufuria.

"Alikuwa nani?" walipiga kelele wote. Wote isipokuwa Mama Mkubwa, mke wa Baba Mkubwa, ambaye aliendelea kukusanya vikombe. Mashine ilikuwa ya moto, haikutaka kuwaka. Ilipokuja kuwaka, Baba Mkubwa alishahamia kwenye habari ya meno yake.

"Kwani asiruke akasema jibu tu?" Kinyozi aliuliza.

"Nimemwambia. Unajua kaniandikia nini? 'Hesabu bila njia haina maksi.' Na faili kalifungia kwa neno la siri, hata mimi sijui huyo mwizi ni nani."

"Lo! Na Jumamosi ndiyo hii."

Ndiyo hii, na haikuwa Jumamosi ya kawaida. Mtoto wa Baba Mkubwa, yule wanayemwita Katibu kwa sababu anaandika kila kitu mpaka siku ya kukata kucha, alikuwa anatengeneza kitabu cha historia ya ukoo. Jumamosi anarekodi mara ya mwisho, Jumatatu kitabu kinakwenda kuchapwa. Wezi watatu na panga, rangi kamili, nakala mia. Mwalimu alimwita binti yake, akaandika polepole, na mashine ikasema: "Ikinikatiza tena mbele ya watu, naifunga na siifungui. Nitaandika vikaratasi kama mhudumu wa hoteli." Bi Skrubu alicheka. Kisha akaona baba yake hacheki, anafuta kibodi kwa pembe ya shati, taratibu, kama mtu anayefunga mzigo.

"Sasa ugonjwa wake nini?" Kinyozi alisogea. Kule kwake nusu kichwa kikakohoa.

"Joto. Na joto ni kwa sababu feni haizunguki."

"Weka feni mpya."

"Feni nzima! Tazama." Aliigusisha nyaya mbili za betri, feni ikazunguka kwa furaha. "Nimeisafisha, nimeipaka grisi mpya ya kupozea, imezidi skrubu moja, kila kitu sawa. Feni ni mzima, ila hakuna anayemwambia azunguke. Mtu amekaa kazini na hajapewa kazi."

"Kama mdogo wangu manispaa."

"Toka hapa, mteja wako anaota ndevu."

Kinyozi alipoondoka, Bi Skrubu akavuta kiti. Sasa alijua pa kwenda, na hakupenda.

Ndani ya kila kompyuta kuna chipu ndogo, na ndani ya chipu hiyo kiwanda kimechoma majedwali. Hakuna anayeyaona na hakuna anayeyasifu. Mfumo wa kompyuta, ile programu kubwa inayoendesha kila kitu, ukiamka asubuhi haujui umelala kwenye nyumba gani. Ni mpangaji mpya kila siku. Majedwali ndiyo barua ya mwenye nyumba: swichi iko hapa, betri iko pale, kifuniko kikifungwa utaambiwa hivi, joto likifika hapa washa feni, likifika pale zima kila kitu kabla nyumba haijaungua. Mfumo unaiamini barua neno kwa neno. Barua ikisema uongo, mfumo unaishi kwenye uongo huo kwa heshima zote.

Bi Skrubu akayanyonya majedwali kutoka kwenye chipu, akayapitisha kwenye programu inayoyageuza yasomeke, akaanza kusoma. Mistari elfu kumi na moja. Ilikuwa kama kusoma shajara ya mtu mvivu. Betri ya pili ambayo haipo. Mlango wa diski ambao mashine hii haijawahi kuwa nao. Mahali pamoja fundi wa kiwandani alikuwa amekopi ukurasa mzima wa mashine nyingine na kusahau kubadili jina. Aliporudisha kitu hicho hicho, bila kugusa herufi, kwenye programu ya kukiunda upya, ikamjibu: makosa matatu, maonyo kumi na tisa.

"Na hawa waliajiriwa," alisema peke yake.

Alhamisi saa nne asubuhi akakifikia kitanda cha mgonjwa. Sehemu ya joto ilianza kwa swali. Barua ilikuwa inamuuliza mpangaji: wewe ni nani? Akiwa ni ule mfumo maarufu uliouzwa pamoja na mashine, vizuri, chipu nyingine itaendesha feni yenyewe, wewe pumzika. Akiwa mwingine yeyote, jiendeshee mwenyewe, na namba zako ni hizi. Mfumo wa watu wa hospitali ulikuwa "mwingine yeyote". Na namba zake zilikuwa mbili, zimeandikwa kwa ile hesabu ya mashine inayochanganya herufi na tarakimu: zima kila kitu ikifika E30. Washa feni ikifika E62.

Bi Skrubu alisoma mara ya pili. Akasoma kwa kidole.

Kisha akacheka mpaka mwuza dawa akachungulia.

"Nini tena?"

"Zimamoto wameambiwa waje baada ya mazishi!" alisema Bi Skrubu akijifuta macho. "Mashine inazimwa kwanza, halafu ndiyo feni inaitwa! Feni amekaa miaka yote anasubiri joto ambalo halitafika, kwa sababu likikaribia tu, kila mtu anauawa, na yeye humo humo!"

Mwuza dawa akasema pole, akarudi kwenye dawa zake.

Kinyozi alipopewa habari alipata wazo palepale, na lilikuwa wazo la kinyozi. "Si barua inauliza wewe ni nani? Danganya. Sema wewe ni yule maarufu. Mimi nimeingia harusi ngapi kwa kusema niko upande wa bwana harusi?"

Na kweli inawezekana. Ukiuandikia mfumo mstari mmoja wakati wa kuwaka, unajibu jina la mwenzake. Bi Skrubu akauandika. Feni ikazunguka, joto likakaa chini, dakika saba zikapita, kumi, ishirini. Kinyozi akaanza kudai sifa. Bi Skrubu akaandika salamu, akabonyeza kitufe ili Mwalimu aseme.

Kimya.

Akapandisha sauti mpaka mwisho. Kimya cha mpaka mwisho.

Kumbe yule mpangaji maarufu, barua humpitishia sauti kwenye waya mwingine, mlango ambao mfumo wa hospitali hauna ufunguo wake. Ukijiita jina lake unapewa feni yake na unapewa ububu wake. Kwa mtu mwingine ingekuwa bahati. Kwa Mwalimu ilikuwa ni upasuaji wa pili.

"Basi sifa nazirudisha," alisema Kinyozi.

Ikabaki njia moja: kuirekebisha barua yenyewe. Ile iliyochomwa kwenye chipu huigusi, ukikosea hapo mashine haiwaki tena, umenunua kizuizi cha mlango. Unatengeneza nakala, unaisahihisha, unaipandisha namba ya toleo ili ionekane mpya kuliko ya kiwandani, na unaiweka njiani mfumo uikute kwanza. Ijumaa mchana akakaa kuifanya. Alisahihisha makosa matatu ya watu walioajiriwa. Akafika kwenye E62.

Feni iamke kwenye digrii hamsini na tano, aliamua. Akafungua kitabu cha maelekezo, akasoma: kila digrii inahesabiwa mara kumi. Sawa, mia tano na hamsini. Jicho lake lilikuwa linashuka mstari wa pili wakati mlango ulipogongwa kwa kitana.

"Una chenji?"

"Sina! Ijumaa hii huna wateja wewe?"

"Wamejaa mpaka nje! Ndiyo maana nataka chenji!"

Akampa chenji. Akarudi. Akaandika mia tano na hamsini kwa hesabu ya mashine, akafunga kitabu, akaunda jedwali jipya, akawasha. Feni ikazunguka. Robo saa, nusu saa, saa nzima, mashine imekaa baridi kama chura. Kule kwa Kinyozi mashine nne za kunyolea zilikuwa zinanguruma kwa pamoja, bisibisi zinacheza kwenye misumari, kwa hiyo aliinamia spika sikio lake likaigusa, akabonyeza. "Kaeni vizuri, wajinga nyie," ilisema sauti ya baba yake. Bi Skrubu alifumba macho kidogo. Kisha akafunga tumbo la mashine, akaitupa skrubu iliyozidi mfukoni, akaenda kulala mapema kwa mara ya kwanza wiki ile.

Jumamosi saa tatu asubuhi akaiweka mezani sebuleni kwa baba yake. Sebule ile ni chumba kimya: saa ya ukutani, vitabu vya fizikia vilivyopangwa kwa urefu, zulia linalomeza nyayo. Mwalimu alikuwa amevaa shati la mikono mirefu na amechana nywele zote kumi na mbili.

Bi Skrubu akawasha.

Ikaanza kama filimbi. Ikawa kinu. Sekunde kumi baadaye feni ilikuwa inanguruma kama ndege inayotafuta ruhusa ya kupaa, pazia la karibu likaanza kutikisika, na paka wa Mwalimu, ambaye hajawahi kukimbia kitu, akakimbia.

Mwalimu akaandika, akabonyeza. Mdomo wa spika ukatetemeka. Hakikusikika kitu.

"NINI?" Bi Skrubu alipiga kelele.

Mwalimu akaigeuza skrini asome: NIMESEMA ASANTE.

"Jana haikuwa hivi!" Ilikuwa hivi hivi, ila jana kulikuwa na mashine za Kinyozi. Akakaa chini. Saa saba ukoo unakula. Mashine sasa haizimi, na hata ikikaa mwaka haitazima, na hakuna atakayesikia neno. Alihisi machozi ya hasira, yale ya kitoto, akiwa na umri wa miaka thelathini na sita na duka lake mwenyewe. "Nimekuharibia zaidi, Baba. Twende na karatasi. Nitakusomea mimi."

Mwalimu akamtazama kama alivyokuwa akitazama dawati la nyuma. Akamnyooshea kidole: nionyeshe.

"Nini?"

Kidole kikagonga skrini. Njia. Nionyeshe njia.

Basi akamwonyesha. Akafungua jedwali, akamweleza ile barua, wale wapangaji, zimamoto na mazishi. Mwalimu mabega yakamtikisika, kicheko chake kipya kisicho na sauti. Kisha Bi Skrubu akafika kwenye namba yake mwenyewe, na mabega yakatulia.

Mwalimu akaandika: *550 ni nini?*

"Digrii hamsini na tano, mara kumi."

Akaandika: *Kutoka sifuri ipi?*

Bi Skrubu akaitazama namba yake upya.

Alikuwa amewahi kuulizwa swali hilo hilo na mtu huyo huyo, kidato cha tatu, mbele ya wenzake arobaini, na alikuwa amejibu, "Ile ya kawaida, mwalimu." Darasa lilicheka mpaka kengele. Alipata maksi mbili juu ya kumi, na nyumbani jioni ile baba yake hakumwongezea hata nusu.

"Kelvini," alisema taratibu.

Mwalimu akainua mikono juu kama mtu aliyefunga goli zuri.

Akafungua kile kitabu cha maelekezo. Mstari wa pili, ule uliogongwa kwa kitana, ulikuwa unamngoja: hesabu inaanzia kwenye sifuri kamili, baridi ya mwisho kabisa ya ulimwengu, mia mbili sabini na tatu na nukta mbili chini ya sifuri ya barafu. Kumbe yeye alikuwa ameiambia feni ipumzike pale sebule ya Mwalimu itakapokuwa na baridi ya digrii mia mbili na kumi na nane chini ya barafu. Feni, maskini, ilikuwa inajitahidi.

"Hamsini na tano jumlisha mia mbili sabini na tatu nukta mbili," alisema, na hakuandika popote. "Mia tatu ishirini na nane nukta mbili. Mara kumi, elfu tatu mia mbili themanini na mbili. Kwa ya mashine..."

Mwalimu alishaandika kwenye skrini: *CD2. Na usiniangalie, fanya.*

Akafanya. Akapandisha namba ya toleo tena, akaunda, akawasha. Saa ya ukutani ikasikika. Dakika ya nne feni ikaamka yenyewe, polepole, kwa sauti ya mtu anayelala upande wake mzuri. Paka akarudi.

"Miaka thelathini na minne nimefundisha," ilisema sauti nene kutoka mezani, "na wewe ndiye mwanafunzi wa mwisho kuelewa."

"Shikamoo, Baba," alisema Bi Skrubu, na akaenda kunawa uso.

Kwa Baba Mkubwa walikuwa wamekaa watu ishirini na mmoja kwenye meza tatu zisizolingana urefu. Katibu ameweka simu ya kurekodi katikati, imeegemezwa kwenye jagi. Baba Mkubwa akaanza kabla ya watu kunawa, na siku hiyo alijipita. Wezi walikuwa wanne. Kulikuwa na mbwa.

"Mbwa wa nani, Baba?" Katibu aliuliza, kalamu juu.

"Wa wezi! Mbwa wa wizi!"

Mwalimu akaisogeza sahani. Akaiweka mashine mezani, akabonyeza.

Watu wakanyamaza kama kawaida. Kisa kikaanza: jioni ile, jengo la posta, na namna kaka yake alivyokuwa na baiskeli ya bluu ambayo alisema ameikuta imetupwa, akaizungukia mtaa wiki nzima akipiga kengele. Bi Skrubu hakusikia hata sentensi. Alikuwa anatazama saa yake. Dakika ya tano. Akaweka kiganja pembeni ya mashine: vuguvugu. Feni inapumua. Dakika ya sita. Mwalimu hakuitazama mashine, alikuwa anamtazama kaka yake. Baba Mkubwa naye alikuwa ameegemea nyuma, mtulivu, maana alikuwa anaikumbuka dakika ya saba kuliko mtu yeyote.

"...nikamulika tochi, na kumbe yule mwizi alikuwa..."

Shangazi mmoja alishika kijiko hewani.

"...msichana wa shule, kimo chake mpaka hapa begani kwangu, amekuja kuchukua baiskeli yake mwenyewe. Kaka yangu anavuta baiskeli, yeye anavuta, halafu akachomoa pampu ya baiskeli akamtwanga nayo kwenye paji la uso. Mara moja tu. Kaka yangu akakaa chini kwenye matope. Akasema, 'Dada, unaitwa nani?' Na tangu siku hiyo hajawahi kuinuka mbele yake. Mwizi huyo ndiye aliyepika chakula mnachokula."

Vichwa ishirini vikageuka upande wa jikoni.

Mama Mkubwa aliweka bakuli mezani. Akajifuta mikono, akaingia chumbani bila haraka, wakasikia kabati linafunguliwa. Akarudi na pampu ya baiskeli, ya chuma, imebonyea upande mmoja, akaiweka karibu na simu ya Katibu.

"Ilibonyea hapo hapo," alisema. "Kichwa chake kigumu."

"Mama!" Katibu alikuwa kama anayekabwa. "Miaka arobaini na tano! Mbona hujasema?"

"Nani aliniuliza?"

Hapo sebule ikapasuka. Shangazi wa kijiko alilala mezani. Watoto walipigania pampu. Baba Mkubwa alishika kofia yake kwa mikono miwili, akaishusha mpaka kwenye nyusi, na chini ya kofia, yeyote aliyekuwa karibu angeweza kuona kwamba naye anacheka, na kwamba ni mwekundu mpaka masikioni. "Lakini usiku ulikuwa giza," alisema. "Mtaandika hilo. Usiku ulikuwa giza sana."

Bi Skrubu alimtazama baba yake. Mwalimu hakucheka wala hakujigamba. Alikuwa amekaa wima, mikono juu ya magoti, anawasikiliza watu wakicheka jambo alilolisema yeye, mpaka mwisho wake, kwa sauti yake. Kisha akasogeza kiti, akavunja vidole, akaanza kuandika.

Akasimulia cha mbuzi wa mwalimu mkuu. Watu wakacheka. Akasimulia cha mkaguzi na kipimajoto. Wakacheka. Dakika ya hamsini akaingia kwenye nguvu za mvutano. Feni inapumua, mashine baridi, sauti nene haina hata mkwaruzo. Chai ikaja, ikaondoka. Hakuna aliyethubutu kumkatiza, maana ni aibu kubishana na mashine ya hospitali. Saa ya pili ilipoanza, shangazi wa kijiko alikuwa amelala kweli.

Baba Mkubwa akamsogelea Bi Skrubu, akamnong'oneza sikioni.

"Mwanangu. Ile namba ya feni. Ile ya kwanza, ya kiwandani. Haiwezi kurudishwa? Kidogo tu?"

Bi Skrubu aliingiza mkono mfukoni. Vidole vikakuta ile skrubu iliyozidi, na pembeni yake flashi yenye jedwali la zamani, zima, halijaguswa herufi.

"Nimeshaifuta, Baba Mkubwa," alisema. "Pole sana."